Dripu ya vyungu juu ya slabu, Majengo: pipa lisilo na pampu, maji ya chumvi, na kanzu ya jirani

Bi Kotmiri (Majengo)

Asalaam aleikum jamani.

Mimi nauza viazi karai na bajia jioni, barazani kwetu hapa Majengo, Mombasa. Watu hujisemea waja kwa viazi, lakini mimi nawajua, waja kwa chatini. Na chatini yangu ni kotmiri, mnanaa, pilipili na ukwaju. Ukwaju nanunua. Hizo tatu nazichuma mwenyewe juu ya nyumba, maana kotmiri ya sokoni hata niifuate Kongowea alfajiri, ikifika laasiri imeshalala kama kitambaa cha kupangusia meza.

Nyumba ina ghorofa tatu, mimi nakaa ya juu kabisa. Mwenye nyumba alinipa ruhusa ya kutumia slabu kwa sharti moja tu: "Bi, nisisikie maji yameingia kwa mtu." Nina vyombo 23, nimevihesabu leo kabla ya kuandika. Ndoo nane za rangi za lita 20, humo mna nyanya na pilipili. Madebe tisa ya samli. Mabeseni mawili yaliyopasuka, ya kotmiri. Karai kuukuu. Mitungi miwili ya plastiki niliyoikata ubavu, ya mnanaa. Na chungu kimoja cha udongo, cha asumini, nilichoachiwa na mamangu. Hicho hakifi. Vingine vyote hufa kwa zamu.

Bomba kwetu latoa maji siku mbili kwa wiki, tukijaaliwa. Siku nyingine nanunua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 shilingi 30, na kijana wa mkokoteni ataka chake cha kupandisha ngazi. Kaskazi ya mwaka huu si mchezo. Namwagia baada ya sala ya alfajiri, ikifika saa nane mchana nyanya zimeinamisha vichwa kama watu wa matangani. Jioni, saa ambayo zingetaka maji tena, mimi niko mbele ya karai la mafuta na watu wamenizunguka. Kwa hiyo humtuma binti yangu. Binti humwaga kopo zima kwa mpigo mmoja ili amalize arudi kwenye simu yake. Udongo waruka, maji yatoka chini ya ndoo, yafuata mteremko wa slabu, yaingia kwenye bomba la mvua, na bomba lile limepasuka pale pale penye kamba ya nguo ya jirani wa chini. Kanzu nyeupe. Siku ya Ijumaa. Sina la kuongeza.

Nimesikia habari za dripu, ule umwagiliaji wa matone. Nikaenda duka moja la hadiwea upande wa Mwembe Tayari, kijana akanitolea roli la mpira mweusi na pakiti ya vidude vyekundu, akaniambia, "Mama, wafunga tu." Nafunga wapi? Nafunga nini na nini? Nimerudi mikono mitupu.

Sina pampu wala mota. Nina pipa la bluu la lita 100, nataka kuliinua juu ya matofali. Maji yatashuka yenyewe hadi vyombo vyote 23, au nitakuwa nimejenga mnara wa mapambo? Halafu vyombo vyangu haviko sawa, vingine viko chini sakafuni na madebe kadhaa yako kwenye rafu ya mbao, kimo cha goti na kidogo. Maji ya mkokoteni nayo si ya kuaminika. Leo matamu, kesho yametoka kisimani kwa mtu na yana chumvi, na pembezoni mwa ndoo kumeota unga mweupe kama wa mahamri. Jingine, nyanya zangu zaoza makalio. Zaanza na doa jeusi chini, laenea. Nimepiga dawa mara mbili, hazisikii.

Na mwezi ujao naenda Lamu siku kumi kwa harusi ya mpwa wangu. Mara ya mwisho nilitoka siku nne nikarudi nikakuta kuni.

Msiniambie niache nyanya. Mume wangu ameshaniambia.

Kijana wa Bamburi

Bi, kwani dripu ya nini? Chukua chupa za soda za lita mbili, toboa kizibo kwa sindano ya moto, geuza kichwa chini, zika shingo udongoni. Bure kabisa. Mimi nafanya hivyo kwa mipilipili yangu mitano na sijawahi kulia.

Fundi Koki

Kijana, kwa miche mitano uko sawa. Kwa vyombo 23 ni kuzunguka kila siku ukijaza chupa, na hiyo ni kazi ile ile ya kopo, imevaa nguo nyingine tu.

Bi Kotmiri, shikamoo. Mimi ni fundi bomba, niko Tudor, na dripu ya pipa nimefunga kwangu na kwa watu. Maji yatashuka, usiwe na wasiwasi. Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kile kidude chekundu kikiandikwa 4, maana yake chatoa lita nne kwa saa kwenye presha ya bar 1. Bar 1 ni sawa na maji yaliyosimama kimo cha mita kumi hivi, yaani tanki liwe ghorofa tatu juu ya vyungu vyako. Wewe utakuwa na mita moja na nusu. Kidude cha 4 kwako kitatoa kama lita moja na nusu kwa saa. Hakijaharibika, ndivyo kilivyo, kwa hiyo usifuate saa zilizoandikwa kwenye pakiti. Watu wengi huona matone yaenda polepole, wakadhani wameuziwa feki, wakang'oa kila kitu.

Jihadhari na vile vyenye utando wa mpira ndani. Vinasifiwa kwamba vyatoa maji sawa kila mahali, na ni kweli, mradi presha ipo. Kwa pipa la matofali vingine havifanyi kazi sawasawa kabisa. Chukua vile vya kawaida vinavyofunguka kwa kusokota, ukikifungua waona kijia kilichojipinda ndani. Bei yake ni ndogo na vyaoshwa kwa mkono.

Pipa: usitoboe chini kabisa. Toboa vidole vitatu juu ya kitako, ili mchanga na takataka zibaki chini. Weka tanki konekta (kiungo cha kutolea maji pipani), halafu koki, halafu chujio, halafu mpira wa milimita 16 uzunguke vyombo vyote. Kutoka kwenye huo mkubwa ndiyo watoa vile vijipira vyembamba, kimoja kimoja kwa kila ndoo, na kidude mwishoni kimeshikwa na kijiti juu ya udongo. Juu, si ndani. Ukikifukia, koki ikifungwa na maji yakirudi nyuma chavuta matope. Chujio usiliruke. Liwe la wavu wa matundu madogo, waulize la mesh 120. Anayeokoa pesa ya chujio hutumia Jumapili zake akichokoa vidude kwa pini, na pini yapanua tundu, kisha ndoo moja yapata maji ya ndoo tatu.

Kuhusu rafu: kimo kinachohesabiwa ni kutoka usawa wa maji ndani ya pipa hadi pale tone linapotokea. Kama maji yako mita 1.4 juu ya sakafu na debe liko sentimita 60 juu, debe lile labakiwa na sentimita 80 tu. Litapata kama robo tatu ya maji ya ndoo ya chini. Ukiweza shusha vyote viwe sawa. Huwezi, basi juu ya rafu weka miche isiyo na kiu.

Na muda ni mmoja kwa vyombo vyote, koki ni moja. Kwa hiyo tofauti yaletwa na idadi ya vidude. Ndoo ya nyanya vidude viwili, debe kimoja. Ukifungua dakika 40, ndoo imepata lita mbili, debe lita moja. Kotmiri ya beseni haitaki kidude kimoja katikati. Udongo wetu una mchanga mwingi, tone lashuka wima kama msumari, pembeni kwabaki kukavu na kotmiri ya pembeni yakimbilia kutoa maua. Na kwa joto hili yakimbilia hata ukiibembeleza. Kwa beseni nunua kipande cha mpira wenye matundu ya ndani kwa ndani, ukizungushe kama koili ya udi wa mbu.

Pipa lililojaa ni kilo 100 na zaidi. Liweke juu ya ukuta au mhimili, si katikati ya slabu, na mwambie mwenye nyumba kabla hajaliona mwenyewe.

Kanzu ya jirani: udongo uliokauka sana hujitenga na ukuta wa ndoo. Ukimwaga kwa nguvu maji hayapiti kwenye udongo, yapita ule ufa wa pembeni na kutoka chini, mzizi haujaonja. Ndiyo maana wamwaga mtungi mzima na saa nane nyanya zimelala. Tone la polepole laukubalisha udongo kwanza. Siku ya kwanza fungua dakika 20, pumzika nusu saa, fungua 20 nyingine.

Ila kuna moja litakukuta. Ukifunga koki, maji yaliyomo kwenye mpira hayabaki humo. Yote yateremka kwenye chombo kilicho chini kuliko vyote, yaani kile kilicho karibu na tundu la mvua. Hapo weka mnanaa. Usiweke pilipili, itaoza mizizi na utasema dripu mbaya.

Makalio ya nyanya si ugonjwa wa kupigiwa dawa. Ni chokaa (kalsiamu) mwilini mwa mmea kutofika kwenye tunda, na haifiki kwa sababu maji yaja kwa vipindi, mara mafuriko mara jangwa. Chokaa husafiri na maji. Zilizokwisha kuwa nyeusi hazirudi, zichume. Zinazofuata zitapona maji yakiwa ya kudumu.

Safari sasa. Kwa hesabu yangu vyombo vyako vyataka lita 30 na kitu kwa siku. Pipa la 100 halifiki siku tatu kamili. Taima ya betri yafungua na kufunga yenyewe, lakini haitengenezi maji. Na ukinunua taima, uliza ile ya valvu ya tufe (ball valve) inayokubali presha sifuri. Zile nyingine zategemea presha ya bomba kufunguka, kwa pipa zabaki zimenuna.

Mzee wa Kibokoni

Fundi amemaliza ya mabomba. Mimi naongeza ya chumvi, maana bustani yangu ya roshani iliuawa na dripu, nikalaumu mbegu mwaka mzima.

Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe. Ukichimba kisima wakutana na chokaa, na chini ya chokaa bahari yakusubiri. Maji ya bomba yatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, hayo ni afadhali. Ya kisima ndiyo yaleta ule unga mweupe wako. Sasa sikiliza, Bi. Kwa kopo, ulikuwa ukimwaga maji mengi hata yakatoka chini, na yakitoka yalichukua chumvi. Jirani alipata kanzu chafu lakini nyanya yako ilioshwa. Kwa dripu hakuna kinachotoka. Maji yanywewa, yakauka, chumvi yabaki. Kila siku kidogo. Baada ya miezi mitatu majani yaungua ncha, kahawia, kama yamepitishiwa moto, na wewe waongeza maji yale yale.

Ninavyofanya mimi: siku za maji ya bomba ndizo za pipa, ya kisima nayaachia kudekia. Ikilazimu kuyatumia, basi kila baada ya wiki mbili au tatu namwagia kila chombo maji matamu mengi mpaka yapite chini. (Weka sinia chini, umnusuru jirani.) Masika ikianguka naondoa kila kifuniko, naacha mvua ioshe. Mvua haina chumvi na haina bili.

Juu ya udongo tandika usumba wa makumbi. Kongowea na Likoni yatupwa, wapewa bure ukiomba vizuri. Lakini uroweke maji matamu siku mbili, ubadilishe maji, maana makumbi mengine yalishalazwa kwenye maji ya bahari, na utakuwa watia chumvi mwenyewe kwa mkono wako. Ukitandika vidole viwili, udongo hauchomwi jua, na lita zako 30 zapungua.

Na pipa lifunikwe, tafadhali. Chandarua juu, kifuniko juu ya chandarua. Mwanzoni mwa 2018 chikungunya ilipopita Mombasa mimi nilitembea kwa mikono ukutani wiki tatu, magoti hayakunjiki. Yule mbu anayeileta, mwenye madoa meupe, hataki mtaro mchafu. Ataka maji safi ya pipa lako na ya sinia zako.

Kama wataka jambo la kizamani lisilohitaji fundi: mtungi mdogo wa udongo usiopakwa rangi, uzike katikati ya chombo kikubwa, ujaze, funika mdomo. Wavuja wenyewe kadiri udongo unavyokauka. Kwa maji ya chumvi vinyweleo vyake huziba, hilo nalo ulijue.

Bi Kotmiri (Majengo)

Ahsanteni sana. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nafunga dripu, si kwa sababu nimenuna kama taima.

Pipa lipo. Mwenye nyumba alipanda mwenyewe, akazunguka, akagonga slabu kwa kisigino kama anayenunua tikiti maji, akaonyesha pembe ya ukuta wa ngazi: "Hapa, si pengine." Matofali kimo cha mita moja. Juu yake nimelipaka rangi nyeusi ili mwanga usipite, maana wiki ya kwanza ndani kuliota ukungu wa kijani.

Mpira wa 16 ulinitoa jasho. Hauingii kwenye tii (kile kiungo cha njia tatu) hata umuite mtume. Nikamwita mume wangu, naye akashindwa, akasema hizi tii si za mpira huu. Nikachukua birika la maji ya chai yanayochemka, nikachovya ncha ya mpira nikihesabu hadi ishirini, ukalainika, ukaingia kama mguu kwenye kandambili. Ukipoa umeshika, hata uzi sikufunga. Hili hamkuniambia!

Nikafanya jaribio langu mwenyewe la bilauri, kwa kuwa mimi ni mtu wa kupima viungo siamini macho. Niliweka bilauri chini ya kila kidude, koki wazi dakika 15, pipa nusu, kisha nikapima kwa kikombe cha unga chenye alama. Ndoo za sakafuni zimetoa kati ya mililita 350 na 380. Madebe ya rafuni 270, 280, 290. Fundi, ulisema robo tatu na robo tatu ndiyo hiyo, umenitisha kidogo. Nimeshusha madebe matano, yaliyobaki rafuni ni mrehani na pilipili za mwendokasi ambazo zikinyimwa maji kidogo ndiyo zazidi ukali. Wateja wameshaona tofauti.

Ila kidude kimoja, cha ndoo ya sita, kimetoa 90 tu. Nimekisokota, nimekifungua, ndani sioni takataka, naona kama ganda jeupe. Nikitie pini? Najua ulisema nisitie. Nauliza tu.

Kingine. Taima nimeona bei yake nikairudisha rafuni kwa adabu. Badala yake nafanya hivi: alfajiri namimina pipani maji ya siku ile tu, mtungi mmoja na nusu na lita tatu juu, nafungua koki, nateremka kukanda unga. Yakiisha yameisha, hakuna wa kusahau kufunga. Yachukua zaidi ya saa kwa sababu pipa haliko juu ya nusu, lakini mimi sina haraka, na nyanya hazina pa kwenda. Kuna ubaya?

Fundi Koki

Hakuna ubaya, na nitaiiba hiyo niwauzie wateja wangu. Ubaya mmoja tu: pipa likiwa na maji kidogo, rafu yapata pungufu kuliko ulivyopima. Rudia bilauri zako kwa maji hayo ya mtungi na nusu, si kwa pipa nusu.

Pini hapana! Ganda jeupe ni chokaa. Kitumbukize kwenye siki nyeupe usiku mmoja, au ndimu kama siki hakuna. Utaona vipovu. Asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani, kisafishe. Na kule mwisho wa mpira mkubwa usiweke kizibo cha kudumu. Ukunje uufunge kwa waya, ili kila mwezi uufungue maji yapige kwa nguvu kidogo yatoe uchafu. Ufanye hivyo siku ya bomba.

Kijana wa Bamburi

Nimenunua pipa. Msinicheke.

Bi Kotmiri (Majengo)

Nimerudi kutoka Lamu jana usiku, miguu imevimba kwa basi, lakini nimepanda juu kabla ya kuvua buibui.

Nieleze vile ilivyokuwa, maana wengine mtasafiri. Siku mbili kabla ya kwenda nilipiga hesabu: siku kumi ni lita 330, yaani mitungi 17 kasoro nusu, shilingi 510 bila ya kupandisha. Nikanunua nikaipanga ukutani penye kivuli, vizibo vimebana. Yule binti wa simu nilikuwa naye harusini. Sasa nani wa kumimina mtungi na nusu kila alfajiri? Nikateremka kwa jirani wa chini, yule wa kanzu. Nilichukua sahani ya viazi na bakuli la chatini, nikabisha hodi. Hatukuzungumza tangu ile Ijumaa. Akala kiazi kimoja amesimama mlangoni, akachovya tena, akasema mwanawe wa darasa la saba huamka mapema. Nikamwonyesha kijana: mimina mpaka kwenye hii alama ya kalamu, fungua, nenda shule. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi nikakibandika kwenye pipa.

Vyombo 22 viko hai. Kimekufa debe moja la rafuni, mrehani, nimekuta kijipira kimechomoka na lile tone lote la siku kumi liliangukia ubao. Ubao umeota uyoga. Kidude cha ndoo ya sita, baada ya siki, nilikiacha kinatoa 340, na nyanya zake sasa ni saba, zote makalio safi. Ndoo ya pili bado ina mbili zenye doa, ni zile za zamani nilizoona huruma kuzichuma. Mnanaa ulio karibu na tundu la mvua umefurika hadi umeanza kushuka kwenye bomba lenyewe, sijui kama mwenye nyumba amesomewa hilo kwenye sharti.

Mitungi imebaki miwili. Nimemuuliza kijana, akasema siku moja mvua ilinyesha kidogo usiku, akatia mkono kwenye udongo, akaona umelowa, hakumimina. Hakuna aliyemfundisha.

Asubuhi nimeteremka na kikapu: nyanya, pilipili, na fungu la kotmiri iliyosalia kabla haijatoa maua yote. Babake akaniuliza kama pale juu pana nafasi ya ndoo mbili tatu za kwake. Nafasi ipo. Fundi, ule mpira wa 16 nikiurefusha mita nne zaidi, na ndoo zake ziwe sakafuni, mtungi na nusu utabaki kutosha au nihesabu upya?